Mzingo si Eneo

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, mpima ardhi mstaafu, mbele ya wanachama na wanafunzi katika ukumbi wa shule)



Katibu wa chama aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya upimaji wa ardhi. Nimemwomba radhi. Maendeleo hayo yamo vitabuni, na anayeyataka atayapata. Mimi nimekuja kusema juu ya somo dogo tulilofundishwa humu humu tukiwa wageni wa shule: maeneo ya maumbo na pembe zake. Sababu yangu ni moja. Magomvi ya mashamba niliyoyakuta kazini, kama yalikuwa ya kipimo na si ya chuki, karibu yote yangemalizwa na mtu aliyeshika vizuri somo hilo.

Nitasema kwa Kiswahili. Najua ninyi vijana mnayasoma haya kwa Kiingereza, na mtihani utawajia kwa Kiingereza. Lakini mashamba ya baba zenu hayatagawanywa kwa Kiingereza. Yatagawanywa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, chini ya mwembe, na siku hiyo watu watakugeukia wewe uliyekaa shuleni miaka yote hiyo wakuulize: haya, msomi, sema, nani kapata kingi?

Basi nianze na kisa. Kijiji sitakitaja, wala watu wake.

Mzee mmoja alifariki akaacha shamba na watoto wawili, kaka na dada. Wazee wa ukoo walikaa wakaligawa. Hawakuwa na haraka, wala hawakuwa na hila. Nataka hilo lieleweke tangu mwanzo. Walichukua kamba ya katani, wakaifunga fundo kila baada ya mita moja, wakapima. Fungu la kaka lilikuwa mraba mzuri, mita 60 kila upande. Fungu la dada lilikuwa upande wa mtoni, na mto haukunyooka kwa ajili ya mtu. Pande zake, ukizunguka kuanzia kona ya mkwaju, zilikuwa mita 68, kisha 40, kisha 52, kisha 80 kurudi mkwajuni.

Wazee wakajumlisha. La kaka: 60 mara nne, mita 240. La dada: 68 na 40 na 52 na 80, mita 240. Kamba imezunguka sawasawa. Na ili pasiwe na neno, kijana mmoja aliyemaliza shule akaongeza hesabu yake. Akachukua pande zinazoelekeana, 68 na 52, akatafuta wastani wake, akapata 60. Akachukua 40 na 80, akapata 60 tena. Akazidisha 60 kwa 60: mita za mraba 3,600. La kaka nalo ni 60 kwa 60. Nani tena angebisha? Mzingo sawa, eneo sawa.

Dada ndiye aliyebisha. Alisema, "Langu naliona dogo." Wakamwuliza kwa nini. Akajibu kwa mbegu. Alisema kaka yake akipanda mahindi kwa nafasi ile ile na mashimo yale yale, anamaliza vibaba kumi na tano. Yeye kwake vinamtosha kumi na vinne, na hutokea mara kwa mara mbegu ikambakia. Wazee wakacheka. Mmoja akasema labda anapanda kwa mkono wa uchoyo. Neno hilo likashika. Kwa misimu mitatu yule mama akaitwa mchoyo, na kaka yake, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akaacha kwenda kwake.

Mimi nilifika pale kwa kazi nyingine, kupima mpaka wa shule ya msingi. Jioni mzee mmoja akanieleza habari hiyo kama kichekesho. Nikaomba nionyeshwe shamba. Kesho yake asubuhi tukaenda wote, kaka, dada na wazee, na kamba yao ile ile. Pande zote nne zilikuwa kama walivyosema. Kamba yao ilikuwa sahihi na hesabu ya kujumlisha ilikuwa sahihi. Nikawaomba wapime mstari mmoja tu ambao hawakuwahi kuupima: wa mshazari, kutoka mkwajuni hadi kona inayoelekeana nayo, katikati ya mahindi. Ukawa mita 84.

Hapo shamba la pande nne likawa pembetatu mbili zinazoegemeana, na kitako chao ni kimoja, ule mstari wa mita 84. Kila mwanafunzi hapa anajua kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Lakini kimo ndicho kinachowapoteza wengi. Kimo si upande ulioinama. Kimo ni urefu wa kusimama wima juu ya kitako, kwa pembe mraba. Sasa pembe mraba tuipate wapi mashambani? Kwa kamba ile ile. Chukua fundo la 3, la 4 na la 5: pembetatu yenye pande hizo lazima iwe na pembe mraba kati ya 3 na 4. Mafundi wetu wa nyumba huitumia kila siku wanapochora msingi, hata ambao hawajasikia jina la Pythagoras. Tukaitandika kamba hiyo juu ya ule mstari, tukaisogeza mbele na nyuma mpaka mkono wake ukaielekea kona ya upande wa barabara. Tukapima: mita 32. Tukafanya vivyo hivyo kwa kona ya mtoni: mita 48.

Hesabu yenyewe wazee waliifanya kwa kijiti mavumbini. Nusu ya 84 ni 42. Vimo viwili pamoja, 32 na 48, ni 80. Na 42 mara 80 ni 3,360.

Si 3,600. Zimepungua mita za mraba 240, yaani kiwanja cha mita 12 kwa 20, mahali pa kujengea nyumba. Na sasa tazameni vibaba: 3,360 kwa 3,600 ni sawa na 14 kwa 15. Yule mama alikuwa amepima shamba lake barabara, bila kamba, kwa mbegu. Nadhani mbegu ni chombo bora cha kupimia eneo kuliko kamba, maana mbegu huingia ndani ya shamba, na kamba hupita nje tu.

Kaka aliniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa nimemwibia?" Nikamwambia la, hukumwibia, hakuna aliyeiba hapa. Kukosawazisha kulikuwa rahisi. Fungu lake lilipakana na lile la dada kwa ule upande mrefu wa mita 80. Akatoa ukanda wa mita 2 kwa upande wake wote wa mita 60, yaani mita za mraba 120. Yeye akabaki na 58 kwa 60, ambazo ni 3,480. Dada akawa na 3,360 na 120, ambazo ni 3,480. Mpaka ulipinda kidogo pale mwisho, wakapanda minyaa. Yule mzee wa neno la uchoyo alimwendea yule mama akamwambia, mbele yetu, "Mama, tulikusikia vibaya." Hakusema zaidi, na mama naye hakudai zaidi.

Sasa, vijana, kosa lilikuwa wapi? Kila kipimo kilikuwa sahihi. Jawabu ni kwamba pande nne haziwezi kukupa eneo hata ukizipima kwa milimita, kwa sababu pande nne haziishiki pembe.

Fanyeni jaribio hili bwenini. Chukueni vijiti vitatu, vifungeni ncha kwa ncha. Jaribuni kuvisukuma: havisogei. Pembetatu ina umbo moja tu kwa pande zake tatu. Ndiyo maana fundi seremala hujenga kenchi la paa kwa pembetatu. Kisha chukueni vijiti vinne, vifungeni vivyo hivyo. Sukumeni kona moja: umbo lote linalala. Vijiti ni vile vile, mzingo ni ule ule, lakini nafasi iliyo ndani inapungua kadiri linavyolala, mpaka vijiti vinakaribia kulaliana na ndani hakuna kitu. Seremala analijua hilo pia. Akimaliza fremu ya mlango hupigilia ubao wa mshazari kwenye kona, ili isilale njiani kabla ya kufika ukutani.

Chukueni shamba la yule mama. Pande zile zile, 68, 40, 52 na 80, lakini lisukumeni mpaka mshazari uwe mita 60 badala ya 84. Eneo linashuka hadi mita za mraba 2,751. Karibu mita 600 za mraba zimetoweka, na mzee mwenye kamba bado anasoma 240. Kuna habari kubwa zaidi. Brahmagupta, mtaalamu wa hisabati wa India, aliandika mwaka 628 kanuni ambayo kwayo twaweza kupata eneo kubwa kabisa linaloweza kufungwa na pande nne zilizotajwa. Kwa pande hizi jibu ni 3,364, na chembe isiyofika. Maana yake ni kwamba shamba lenye pande hizo halikuwezekana kuwa na 3,600, hata ungelivuta vipi. Yule kijana aliyepata 3,600 alipata eneo la shamba ambalo haliwezi kuwapo duniani.

Lakini tusimcheke, maana ana wenzake wakubwa. Katika hekalu la Edfu, kusini mwa Misri, kuna maandishi ya ukutani ya wakati wa wafalme wa ukoo wa Ptolemy, yapata miaka 2,100 iliyopita, yenye orodha ya mashamba ya hekalu. Maeneo yake yamepigwa kwa kanuni hiyo hiyo: wastani wa pande hizi mara wastani wa pande zile. Hata pembetatu waliipima hivyo, wakihesabu upande wa nne kuwa si kitu. Na kosa hilo halianguki mara huku mara kule. Siku zote huzidisha, halipunguzi kamwe. Ni sahihi kwa mstatili tu. Kwa hiyo fikirini mkulima anayetozwa kodi kwa eneo lililopigwa hivyo. Analipia ardhi asiyokuwa nayo, kila mwaka.

Na habari ya mzingo nayo ni ya zamani. Proclus, aliyefundisha Athens katika karne ya 5, aliwaandika watu wa wakati wake waliogawana mashamba na wenzao kwa kuangalia mzingo. Walimwachia mwenzao shamba lenye mzingo mkubwa na eneo dogo, wao wakachukua lenye eneo kubwa, na juu ya hayo wakapata sifa ya uungwana. Hao walikuwa na hila. Wazee wetu hawakuwa nayo, na matokeo yalikuwa yale yale.

Vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne huenda wanasema moyoni: mbona hukutumia kanuni ya pande tatu? Niliitumia, usiku ule, kwa taa, kujihakikishia. Ni kanuni tunayoihesabu kuwa ya Heron wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya kwanza. Kitabu chake cha vipimo, Metrica, kilikuwa kimepotea mpaka nakala yake ilipopatikana Istanbul mwaka 1896. Hufanywa hivi. Pembetatu ya kwanza ina pande 68, 40 na 84. Jumla yake ni 192, nusu yake 96. Kutoka 96 toa kila upande kwa zamu: zinabaki 28, 56 na 12. Zidisha 96 kwa 28 kwa 56 kwa 12, upate 1,806,336. Kipeuo chake cha pili ni 1,344. Pembetatu ya pili ina pande 52, 80 na 84. Nusu ya jumla ni 108. Mabaki ni 56, 28 na 24. Zao lake ni 4,064,256, na kipeuo chake 2,016. Jumlisheni. Zinatoka 3,360, sawa na zile za mavumbini.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa sababu haitaki kimo, na mashambani kimo huenda kikaangukia katikati ya dimbwi. Lakini mbele ya wazee sikuitumia, na nawashauri msiitumie. Mtu hawezi kukubali kwa moyo hesabu asiyoweza kuifuata. Nusu ya kitako mara kimo kila mzee aliifuata, na walipofika 3,360 walifika wenyewe.

Sasa niseme juu ya eka, maana hapa watu wazima pia wanaumizwa. Sote tumesikia kwamba eka ni hatua 70 kwa hatua 70. Kanuni hiyo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Eka ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kama hatua yako ni yadi moja kamili, umekosea kama sehemu moja tu katika themanini. Lakini siku hizi hatua imegeuzwa kuwa mita. Mtu anakuja na utepe, anapima mita 70 kwa mita 70, anasema hii ni eka. Sivyo. Eka ni mita za mraba 4,047. Mita 70 kwa 70 ni 4,900. Muuzaji amempa mnunuzi mita za mraba 853 bure katika kila eka. Akiuza eka tano kwa mtindo huo, ametoa eka sita na kidogo juu yake. Kinyume chake, mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 70, akitembea hatua zake 70, amekwenda mita 49. Eneo lake ni mita za mraba 2,401, yaani kama sehemu sita kwa kumi za eka, na amelipa bei ya eka nzima.

Hayo ni ya urefu. Ongezeni pembe. Kama shamba la hatua 70 kwa 70 limelala, pembe yake ya kona ikawa nyuzi 60 badala ya 90, eneo lake si 4,900 tena bali 4,244. Ikiwa nyuzi 45, ni 3,465. Ikiwa nyuzi 30, ni 2,450, nusu kamili. Anayeuza anatembea ukingoni, anahesabu sauti ikisikika, sabini, sabini, sabini, sabini, na wewe unatoa fedha.

Hata hivyo sitaki mwondoke hapa mkiogopa kila kona. Wenzangu wa zamani watakumbuka mwalimu wetu wa hisabati alivyotutoa darasani siku moja, akatupeleka kwenye uwanja wa mpira na kamba. Urefu ulikuwa mita 105, upana mita 68, kama viwanja vikubwa. Akatuambia tupime mishazari yote miwili. Uwanja ulionyooka wa vipimo hivyo ungetoa mita 125 na kidogo kwa kila mshazari. Wa kwetu ulitoa 120 upande mmoja na 130 upande wa pili! Tulipiga kelele. Walinda mlango wakapata sababu ya mabao yote waliyofungwa mwaka ule. Kumbe pembe zake zilikuwa nyuzi 85 na 95, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua. Kisha akatuuliza: eneo limepungua kiasi gani? Tukadhani limepungua sana. Lilikuwa limepungua mita za mraba 27 tu kati ya 7,140.

Hilo ni jambo la kutia maanani. Pembe ikiwa karibu na nyuzi 90, nyuzi tano za kulala hazili eneo hata kidogo cha kutajwa, ila mishazari inapiga kelele mara moja. Ndiyo sababu fundi wa msingi hupima mishazari, na ndiyo sababu ile kanuni ya Edfu iliishi karne nyingi. Mashamba mengi yalikuwa karibu na mstatili, na hasara haikuonekana. Hatari ni lile shamba la mtoni, la kona ya barabara, la mteremko uliokatwa na korongo. Na mara nyingi, sijui kwa nini, hayo ndiyo wanayopewa wajane na mabinti.

Nimwonye fundi kidogo pia. Mishazari kuwa sawa peke yake haitoshi. Kuna umbo la pande mbili sambamba zisizolingana, lenye mishazari sawa, na si mstatili. Pima kwanza kwamba pande zinazoelekeana ni sawa, ndipo mishazari.

Juu ya mteremko nitasema kwa ufupi. Eneo linaloandikwa kwenye ramani na hati ni la ardhi kama ingekuwa bapa. Kamba ikilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 25, mita 70 za kamba ni mita 63 na nusu hivi kwenye ramani. Wakulima wa milimani wamenigombeza sana kwa hilo: tunalima juu ya mteremko, bwana, hatulimi juu ya ramani! Nami huwajibu kwamba migomba yao husimama wima, haisimami kwa kuegemea mlima, na kila mgomba unataka nafasi yake ya anga. Wengine hukubali. Wengine la.

Na simu. Najua vijana mnayo programu ya kuzunguka shamba na simu ikatoa eneo yenyewe. Ni chombo kizuri kwa shamba kubwa. Lakini simu ya kawaida hukosea mita kadhaa mahali uliposimama, na chini ya miti hukosea zaidi. Kwenye eka ishirini kosa hilo halina kitu. Kwenye kiwanja cha mita 12 kwa 20 linaweza kumhamisha jirani jikoni kwake. Kamba na mshazari bado vina kazi.

Kwa mitihani yenu sina siri, ila nitawaambia tunavyofanya sisi kazini, nanyi mtaona ni yale yale. Kwanza tunachora, hata kama mchoro umekwishachorwa, kwa sababu mkono ukichora jicho huona. Wala hatuuamini mchoro: upande ulioonekana sawa huenda si sawa, na kona iliyoonekana mraba si mraba mpaka iandikwe hivyo au ithibitike. Umbo lolote la pande nyingi tunalikata kwa pembetatu. Na pembe tunazijumlisha kabla ya jambo lingine lolote. Pembetatu ni nyuzi 180. Pande nne, 360. Pande tano, 540. Kila upande unaoongezeka unaleta 180. Hapa ndipo pembe zinapozishinda pande kwa uaminifu. Mpima akirudi na pembe tano, 112, 97, 124, 88 na 119, nazijumlisha: 540, naendelea na kazi. Akiwa ameandika 129 mahali pa 119, nazijumlisha: 550, namrudisha shambani kabla ya chai. Pande hazina ukumbusho wa namna hiyo. Ukiandika 86 mahali pa 68, pande zitanyamaza.

Mwisho, kabla hujaandika jibu, lifungie umbo lako ndani ya mstatili unaoweza kuupiga kichwani. Eneo la kilicho ndani haliwezi kupita la kilicho nje. Nimeona watu wenye vyeti wakitoa eneo la pembetatu kubwa kuliko la mstatili unaoizunguka, na wakatia sahihi.

Ndugu Mwenyekiti, maneno yamekuwa mengi kuliko nilivyoahidi. Mwalimu wa hisabati ameniruhusu niwachukue Kidato cha Kwanza saa kumi jioni hii. Nimekuja na kamba ya katani yenye mafundo, mita 30. Tutapima bustani ya mboga nyuma ya bwalo, ambayo ina pande tano, na kila kundi litapima kivyake bila kuambizana. Wanachama wanaotaka kufuatana nasi wanakaribishwa, ila wavae viatu vya matope, maana jana mvua ilinyesha.